Chombo Kisiitwe Mtumwa



Vijana wetu wanaosomea umeme na kompyuta hukutana na jozi ya maneno ambayo wasemaji wa Kiingereza wameitumia katika ufundi kwa zaidi ya miaka mia moja: masta na slevu. Maana yake si ngumu. Vyombo viwili vikiunganishwa, kimoja kikawa ndicho kinachoamuru na kingine kinachotii, cha kwanza huitwa masta na cha pili slevu. Siku hizi fani hii inaelezwa zaidi na zaidi kwa Kiswahili, hata pale ambapo kitabu kilicho mezani ni cha Kiingereza, na mwalimu hana budi kuchagua neno. Nimekwisha kuona tafsiri zilizopita njia ya mkato: bwana na mtumwa. Nashika kalamu kusema kwamba njia hiyo haitufai. Haitufai kwa historia ya pwani hii, na haitufai kwa sarufi ya lugha yetu.

Tuanze na kazi yenyewe, maana istilahi njema huzaliwa na ufahamu wa kitu kinachotajwa. Ndani ya vifaa vingi vya kisasa mna vipande vidogo vya elektroniki vinavyozungumza kwa nyaya chache. Utaratibu mmoja mashuhuri, uitwao I2C, ulibuniwa na kampuni ya Philips ya Uholanzi mwaka 1982. Unatumia nyaya mbili tu: mmoja hupitisha data, wa pili hupitisha mapigo ya saa. Chombo kikuu ndicho kinachopiga mapigo hayo. Kinapotaka habari hutaja namba, na chenye namba hiyo tu ndicho kinachoitika. Vingine hukaa kimya. Ikiwa kilichoitwa ni kipimajoto, hutoa kiwango cha joto, kisha hunyamaza mpaka kiitwe tena. Utaratibu mwingine, uitwao SPI, hauna haja ya namba, kwa kuwa kila chombo kina waya wake wa kuitiwa. Katika hifadhidata kubwa za benki na mitandao mambo hufanana kidogo: kompyuta moja hupokea mabadiliko yote, na nyingine huyanakili ili habari zisipotee moja ikiharibika.

Tazama, ndugu msomaji, kwamba katika maelezo hayo yote sikuhitaji bwana wala mtumwa. Nimesema chombo kinaita, kingine kinaitika. Kompyuta moja inapokea, nyingine inanakili. Kazi imeeleweka. Basi maneno yale mawili yaliingiaje?

Mtafiti wa Marekani, Ron Eglash, aliyafuatilia katika makala aliyoichapisha mwaka 2007, akayakuta barani Afrika. Mwaka 1904 mwanafalaki David Gill, aliyekuwa mkuu wa kituo cha kutazamia nyota huko Cape Town, aliandika habari za saa yake ya usahihi mkubwa. Saa hiyo ilikuwa vyombo viwili: kimoja chenye timazi iliyofungiwa mahali pasipobadilika joto wala kani ya hewa, na cha pili chenye magurudumu, kikilazimishwa kwenda sawasawa na cha kwanza. Hicho cha pili akakiita saa mtumwa. Utumwa ulikuwa umefutwa kisheria katika nchi ile tangu mwaka 1834, yaani miaka 70 kabla. Mwenye kuandika hakuwa tena mahali ambapo neno hilo linatajwa mbele ya mtu ambaye sheria inamhesabu kuwa mali. Labda ndiyo sababu lilimjia kwa wepesi.

Lakini mwaka huohuo wa 1904, huku kwetu Tanga na Pangani, utumwa ulikuwa bado halali. Serikali ya Wajerumani ilizuia biashara ya kuteka na kuuza watu, ila haikumwachia huru aliyekwisha kuwa mtumwa. Ni mwezi Desemba mwaka huo ndipo ilipotoa amri kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 watakuwa huru. Mama aliyemzaa mtoto huyo hakutajwa. Alibaki alivyokuwa. Sheria iliyoukomesha utumwa wenyewe katika Tanganyika ilikuja mwaka 1922, chini ya Waingereza. Mimi na walimu wenzangu wa rika langu tulilelewa na wazee waliozaliwa kabla ya mwaka huo. Hii si habari ya zama za Firauni.

Na Pangani haikuwa mji wa pembeni katika habari hizo. Katika karne ya 19 bonde la mto Pangani karibu na bahari lilikuwa na mashamba ya miwa yaliyolimwa na watumwa, na mji ulikuwa mlango wa misafara iendayo bara. Mwaka 1873, wakati Sultani Barghash alipotia saini mkataba wa kuzuia biashara ya watumwa kwa njia ya bahari na soko la Unguja likafungwa, wafanyabiashara hawakuacha. Waliwaswaga watu kwa miguu kando ya pwani. Na karibu na wakati huohuo watumwa wa mashamba ya miwa ya Pangani waliwaasi mabwana zao.

Hapo ndipo mfano wa mashine unapovunjika vibaya kuliko pote. Mtumwa hakuwa mtu aliyetii kwa sababu ndivyo alivyoundwa. Alikuwa mtu aliyetekwa, mwenye jina la kwao, aliyeweza kukataa na mara nyingi akakataa. Kiswahili chenyewe kinashuhudia: tuna neno mtoro, na neno hilo lilikuwa la kwanza la mtumwa aliyekimbia kabla halijawa la mwanafunzi anayekwepa vipindi. Kipimajoto hakitoroki. Hakikuwa na kwao kilikotolewa, wala hakina mwana wa kuuzwa mbali nacho. Anayesema chombo ni mtumwa amechukua utii peke yake akaacha unyang'anyi wote uliouzaa utii huo. Hiyo ndiyo picha ya mtumwa iliyomfurahisha bwana, na sioni kwa nini tuifundishe darasani kama ndiyo maana ya neno.

Nisije nikadhaniwa kuwa nataka kuwagawa watu wa pwani katika waovu na wema. Abushiri bin Salim, aliyeongoza vita vya mwaka 1888 dhidi ya Wajerumani na akanyongwa Pangani mwezi Desemba 1889, alikuwa naye mwenye shamba la miwa na watumwa. Tunamheshimu kwa kupigania nchi, na hilo la pili ni kweli vilevile. Katika miji yetu wajukuu wa waliomiliki na wajukuu wa waliomilikiwa wameoana, wamezikana, wanasali safu moja. Ila kuna mambo wasiyoyasema. Mtu akitaka kumtusi mwenzake mpaka moyo utoke damu, hamwiti mjinga. Humnong'oneza jirani kuhusu asili ya babu yake. Neno lenye nguvu hiyo bado ni hai, na neno hai halichukuliwi kama kopo tupu likatiwe maji mapya.

Sasa tuingie kwenye sarufi, ambako naamini sisi wa lugha tuna jambo la kusema ambalo wahandisi hawawezi kutusemea.

Mtumwa ametokana na kitenzi tuma. Ni mtu anayetumwa. Kwa shina hilohilo tunapata mtume, utume, mtumishi, na pia tumia, matumizi na mtumiaji. Miaka niliyofundisha mnyambuliko nililipenda sana shina hili, kwa sababu linaonyesha jinsi kiambishi kimoja kinavyomtenga Mtume na mtumwa, mmoja juu kabisa na mwingine chini kabisa, wote wametumwa. Mtetezi wa bwana na mtumwa anaweza kuniambia: basi mtumwa ni neno sahihi, kwani chombo nacho kinatumwa. Hoja hiyo ina uzuri wa juu juu. Lugha haisomwi kwa shina peke yake. Kibarua kwa shina ni barua ndogo, na hakuna anayemtia kibarua kwenye bahasha. Tena fikiria kitabu cha kompyuta ambamo mtu anayekitumia chombo anaitwa mtumiaji, na chombo anachokitumia kinaitwa mtumwa. Kurasa mbili tu, na mwanafunzi amejifunza bila kuambiwa kwamba kutumia na kutumikisha ni jambo moja.

La pili ni ngeli. Mtumwa yumo katika ngeli ya watu: mtumwa huyu amekuja, watumwa hawa wamekwenda. Kipande cha elektroniki ni kitu: hiki kimekwenda. Mtafsiri akiandika "mtumwa anatuma data", amekipandisha kitu kuwa mtu. Akitaka kukwepa aandike "kitumwa", ameangukia pabaya zaidi, maana njia hiyo lugha yetu ilikwisha kuipita. Wajakazi waliitwa vijakazi, watwana wakaitwa vitwana. Si kila ki- ni dharau; tuna kijana, tuna kiongozi. Lakini katika maneno haya mawili ki- ilifanya kazi ya kumdogosha mtu, kumsogeza karibu na vitu. Kwa hiyo pwani hii iliwahi kumwita mtu kwa umbo la kitu. Leo tunaombwa tukiite kitu kwa msiba wa mtu. Makosa hayo mawili hayafutani.

Na mkoa wetu una mifano ya baadaye pia. Kibarua, ninayemtaja hapo juu, aliitwa hivyo kwa ajili ya kikaratasi chake cha kazi, na wanahistoria wa pwani wameonyesha kwamba vibarua wa mwanzo wengi walikuwa watumwa waliokodishwa kwa ujira wa siku. Baadaye yakaja mashamba ya mkonge, na kwayo kipande, ile kadi ya kuhesabia siku za kazi, na manamba, watu waliosafirishwa kutoka mikoa ya mbali kuja kukata mkonge Tanga. Manamba ni namba tu, iliyotiwa kiambishi cha wingi. Mtu alihesabiwa, akaitwa kwa kule kuhesabiwa. Nikisoma kwamba chombo kikuu humwita mdogo kwa namba, na kwamba mdogo huyo anaitwa slevu, nasikia kilomita za reli ya Tanga ndani ya sentensi hiyo. Msomaji wa nchi nyingine hawezi kuzisikia. Sisi tunaweza, na kwa hiyo tunawajibika zaidi.

Zipo hoja za upande wa pili, na nazichukulia kwa uzito.

Ya kwanza: huu ni ugomvi wa Wamarekani, tunauagiza kama tunavyoagiza mitumba. Ni kweli kwamba huko umekuwa na kelele. Mwaka 2003 ofisi moja ya serikali ya wilaya ya Los Angeles iliwaomba wauzaji wa vifaa waache lebo za masta na slevu, na watu wengi wakacheka. Baadaye kicheko kilipungua. Watunzaji wa lugha ya programu Python waliyaondoa maneno hayo katika maandishi yao mwaka 2018. Wenye hifadhidata ya MySQL walitangaza kuyaacha mwaka 2020, wakachukua chanzo na nakala. Mwongozo wa I2C ulibadilishwa mwaka 2021, na sasa unasema kidhibiti na mlengwa. Lakini sikuanza na Los Angeles. Nimeanza na Pangani. Hata kama Wamarekani wasingesema neno, sababu zetu zingesimama zenyewe. Tena tuna nafasi ambayo wao hawakuwa nayo. Wao walilazimika kubomoa ukuta uliokwisha jengwa, wakabadili vitabu, lebo na programu kwa gharama. Sisi bado tunachanganya udongo.

Ya pili: ni neno tu, mashine haiumii. Mashine haiumii, hilo halina ubishi. Aliye darasani ni mtu. Nimewafundisha wasichana walioitwa Mtumwa, jina la heshima na la siku nyingi katika pwani hii na Unguja, walilopewa na wazazi waliowapenda. Nimewafundisha pia watoto ambao darasa zima lilijua, bila kusema, bibi zao walikuwa kina nani. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Anayesema ni neno tu, aghalabu ni yule ambaye neno halijawahi kulala kitandani kwake.

Ya tatu ndiyo nzito zaidi: tukilikwepa neno tutaifuta historia, watoto wetu watakua hawajui. Naikubali hofu hii na nadhani inaelekeza kinyume cha inavyodhaniwa. Neno likitumika kwa kila kipimajoto na kila diski, litapoa. Mwanafunzi atakayesikia mtumwa mara ishirini kwa siku katika karakana, atakapofungua "Uhuru wa Watumwa" cha James Mbotela, kilichochapishwa mwaka 1934, atasoma neno lililokwisha chujuka. Mimi nataka libaki zito. Nataka lisemwe kwa sauti katika somo la historia, katika riwaya, katika tenzi, kwenye magofu ya mashamba na mbele ya nyumba za kale za Pangani. Lihifadhiwe kwa ajili ya mtumwa. Huko ndiko kukumbuka.

Kuna watakaouliza kuhusu bwana: je, naye tumfukuze? La. Bwana amesafiri mbali. Tuna bwana shamba, bwana afya, bwana harusi. Vijana huanza sentensi kwa "bwana" bila kumkusudia mwenye mali yeyote. Neno hilo limepata heshima ya wote. Mwenzake hakusafiri naye. Ukiacha lugha ya ibada, ambako mja hujiita mtumwa wa Mungu kwa hiari yake, mtumwa amebaki palepale alipoachwa. Ndiyo maana jozi hiyo haina usawa hata kama tamathali.

Basi tuseme nini? Ushauri wangu ni kuacha kutafuta jozi moja ya kufunika kila kitu, na kukiita kila chombo kwa kazi yake.

Kwa vyombo vinavyozungumza kwa nyaya, napendekeza kidhibiti na kiitikio. Kidhibiti kimekwisha kuzoeleka. Kiitikio tunakijua sisi wa ushairi na ngoma: ni sehemu ambayo wengi huitika baada ya kiongozi kuimba. Umbo lake ni halali kabisa kwa chombo, kwani kichujio huchuja, kifungio hufunga, basi kiitikio huitika. Na kazi inafanana: hakianzi chenyewe, hungoja zamu, hujibu kwa mapigo yanayopigwa na mwingine. Mwitikiaji wa ngoma hamilikiwi na kiongozi wake. Wanashirikiana wimbo mmoja, na asipoitika wimbo haupo.

Kwa hifadhidata, asili na nakala yanatosha, na yanaeleweka na karani yeyote. Kwa saa, saa kuu na saa ya kufuatisha. Kwa zile diski za kompyuta za zamani zilizofungwa mbili katika utepe mmoja, na ambazo fundi alipaswa kuhamisha kijiplastiki kidogo nyuma yake ili moja iwe masta na nyingine slevu, diski ya kwanza na diski ya pili. Hapa inafaa kujua kwamba jina lile halikuwa kweli hata kiufundi: diski moja haikuitawala nyenzake, zilipishana tu katika utepe, na waandishi wa viwango vyake waliishia kuziita chombo namba sifuri na chombo namba moja.

Tusidhani kwamba watu wa kawaida wanawasubiri wasomi. Katika klachi ya gari kuna silinda mbili, moja inayosukumwa na mguu wa dereva na nyingine inayopokea msukumo huo kule kwenye giaboksi. Kwa Kiingereza ya pili huitwa slevu. Lakini wapo mafundi wetu wanaosema masta ya juu na masta ya chini, mambo yakaisha. Wametazama mahali kitu kilipo, wakakipa jina. Hakuna aliyewatuma wala aliyewapa semina, na mteja hukielewa anachokwenda kununua.

Ombi langu kwa BAKITA, kwa waandishi wa vitabu vya TEHAMA na zaidi kwa walimu wenzangu mlio bado ubaoni: msingoje neno likomae ndipo mlipalilie. Mwanafunzi hulishika neno la kwanza analolisikia kwa mwalimu wake, na huondoka nalo mpaka uzeeni. Chagueni lile mtakaloweza kulitamka mbele ya kila mtoto aliye mbele yenu, bila kuinamisha macho.

Nawaachia ubeti mmoja, mwenye kutaka kuuendeleza aniitikie:

Chombo kiitwe kwa kazi, si kwa jina la utumwa,
Maneno yana mizizi, mahali yalikochumwa,
Walolia wajakazi, machozi hayakupimwa,
Tusisahau wazazi, jina lisije azimwa.